Kibali Kimoja kwa Zamu ya Alfajiri

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, garimoshi lilipokuwa bado linapita kwa saa yake: ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa themanini na tisa, saa kumi na robo alfajiri. Saa hiyo msichana aitwaye Siwema alisukuma mlango wa tanuri la mikate pale Ilindwa, kituo kidogo cha reli, akaingia kazini. Robo hiyo haitajwi kwa mapambo. Siwema alikuwa mtu wa robo. Unga aliupima mara tatu, mabati aliyahesabu mara tatu, na akishafika nusu ya njia ya kwenda nyumbani alirudi kutazama kama mlango wa ghala umefungwa. Kila siku aliukuta umefungwa.

Zamu ile ilikuwa ya watu watatu. Siwema alipima, Nyamizi alikanda, Mzee Feruzi alichoma. Nyamizi alikuwa mama wa makamo, mikono minene, na kicheko chake kilivuka barabara kikaamsha mbwa wa posta. Mzee Feruzi alikuwa mkavu kama kuni zake. Huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita mbele ya mdomo wa tanuri, na joto alilipima kwa kuingiza mkono na kuhesabu. Akifika saba bila kuutoa, tanuri bado. Akishindwa kufika tano, tanuri tayari.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, Da Nyamizi."

"Marahaba, mwalimu wa mizani," alisema Mzee Feruzi. "Umelala kilo ngapi leo?"

"Huyu halali," alisema Nyamizi. "Anahesabu boriti za paa mpaka jogoo awike, halafu anarudia."

Waliokulia Ilindwa miaka ile, ukiwauliza leo habari za mji wao, hawaanzi na shule wala soko. Huanza na harufu. Mkate ulianza kunukia watu wangali kitandani, ukapita chini ya milango, na mtoto aliyekojoa godoro alisahau fimbo inayomngoja. Ndani ya nyumba ya tanuri kulikuwa na kandili mbili na vumbi la unga likielea katika mwanga wake. Redio ya Mzee Feruzi ilikoroma taarabu kwa betri zilizoanikwa juani jana yake ili zipate nguvu kidogo. Na juu ya yote hayo ulisikika mlio wa mikono ya Nyamizi ndani ya hori la kukandia: pa, pa, pa. Tanuri lile sasa limebomoka na juu yake umeota mpapai. Garimoshi nalo likipita Ilindwa halisimami. Lakini siku hizo lilisimama dakika ishirini na tano nzima, madereva wakipokezana, na mikate mia moja na ishirini ya Bi Mwamvita, mwenye tanuri, ilipandishwa kwenye behewa la chakula ikashuka pwani. Kila siku ya Mungu, saa moja na dakika ishirini asubuhi.

Na katika watu watatu wa zamu ile, hakuna hata mmoja aliyewahi kulipanda garimoshi hilo.

Siwema alikuwa na barua kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kuchanika kwa kufunguliwa. Chuo cha wapimaji huko Dar es Salaam kilimwita usaili, Ijumaa ya wiki hiyohiyo, saa tatu kamili asubuhi. Asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine. Tangu utotoni Siwema hakutaka kitu kingine duniani ila kazi ya kupima vitu na kuambiwa kipimo chake ni sahihi. Nauli hakuwa nayo, mama yake hakuwa nayo, na barua ile hakumwonyesha mtu yeyote.

Sasa, ilikuwepo desturi moja pale. Kabla jua halijachomoza, hakuna aliyeitaja chumvi. Majumbani watu waliikwepa usiku, wakaiita dawa ya mboga. Kwa Bi Mwamvita mwiko ulikazwa zaidi, alfajiri haikuitwa kwa jina lolote. Atakayeitaja, ilisemwa, tanuri litapoa au nyumba yake itapoa. Kwa hiyo waliweka alama. Siwema alipima chumvi katika bakuli jeupe la bati na kuliacha ukingoni mwa hori. Nyamizi, donge likishikana, aliimimina na kulifudikiza bakuli palepale. Bakuli likitazama juu, bado. Bakuli likitazama chini, tayari. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza nako ni kutaja. Siwema, aliyesoma mpaka kidato cha nne, hakuuamini mwiko huo hata kidogo. Lakini hakuwahi kuuvunja. Ndiyo heshima, alijiambia.

Jumatano ile alipima chumvi kama kawaida, kisha akaitazama mizani. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umepotoka, labda upana wa ukucha. Jasho likamtoka. Ikiwa mizani imepotoka leo, je, jana? Akairudisha chumvi yote kwenye gunia, akalifudikiza bakuli ukingoni mwa hori lisiingie majivu, akabeba mizani hadi ghalani kuinyoosha. Alikusudia kurudi mara moja.

Nyamizi alikuwa nje, anachota maji kwenye pipa. Aliporudi alilikuta bakuli linatazama chini. Leo mpimaji kanipunguzia kazi, alijisemea moyoni, akaingiza mikono ndani ya hori. Pa, pa, pa.

Siwema akatokea ghalani na mizani iliyonyooka, na kabla hajaitua Mzee Feruzi akamwita. "Mjukuu, njoo unishikie kandili. Kuni hizi mbichi, zinanililia kama bibi harusi."

Akashika kandili robo saa nzima. Alipoliendea hori, donge lilikuwa limefunikwa magunia, linaumuka, na bakuli linatazama chini vilevile. Akasita. Kapima mwenyewe Da Nyamizi? Lazima kapima, donge haliwezi kufunikwa bila ile. Swali lilimjia mdomoni, akalimeza.

Ilibaki kinga moja tu. Kila siku, kabla mikate haijakatwa, Mzee Feruzi alimega donge kidogo na kulionja. Lakini siku ile jino lilikuwa likimsumbua, naye alikuwa amepachika tumbaku shavuni na ulimi umelala fofofo. Akamega, akatafuna, akatema.

"Endeleeni," alisema.

Nyamizi akaanza kukata. Donge lilimnata vidoleni, na kila alipoliacha kidogo lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Unga wa leo una wazimu," alisema.

Siwema akamtazama. Nyamizi akamtazama Siwema. Wote wawili wakalitazama bakuli. Nyamizi akaendelea kukata.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, Mzee Feruzi alitoa mkate wa kwanza, ule wa kujaribia. Ulitoka umevimba na mweupe, kama uso wa mtu aliyeamka na homa. Mzee akautazama, akaupeleka kwenye mwanga wa kandili, akatema tumbaku yake, akasukutua kwa maji mara mbili, akamega. Akampa Nyamizi, naye akamega. Akampa Siwema, naye akamega. Ilikuwa kama kutafuna pamba.

Basi wakasimama pale, watu watatu na mkate mmoja, na neno moja ambalo kila mmoja analo mdomoni na hakuna anayelitoa. Jua lilikuwa bado saa nzima. Garimoshi lilikuwa bado saa moja na dakika arobaini. Na mwezi uliopita Bwana Mtweve, mkuu wa behewa la chakula, alikuwa amekuta kipande cha mkaa ndani ya mkate, akasema mbele ya stesheni nzima kwamba ikitokea tena kasoro hata siku moja, atanunua kituo cha mbele. Mikate mia moja na ishirini ikikataliwa, tanuri la Ilindwa lingemchomea nani?

Mzee Feruzi aliutazama moto. Alikuwa na kaka yake mkubwa ambaye zamani aliitaja chumvi alfajiri, mahali palepale, kwa mzaha. Na mwaka haukwisha, nyumba ya kaka yake ikabaki gofu lisilo na mtu. Wengine walisema ni homa ya matumbo tu. Mzee Feruzi hakuwa na shaka na habari hiyo, kama asivyokuwa na shaka kwamba moto unaunguza. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Chumvi," alisema polepole. Kisha kwa sauti: "Chumvi! Hamna chumvi humu! Nimeitaja mimi, na inikute mimi."

Wakageuka wote kulitazama tanuri. Moto uliendelea kuwaka.

"Tumekwisha," alisema Nyamizi. "Nikilikanda upya, litaumuka lini? Mkate mkubwa unataka nusu saa ya kuumuka, na dakika arobaini za motoni, na tanuri halibebi yote kwa mara moja. Garimoshi litakuwa limeshafika Dodoma wanapiga miayo."

Siwema alikuwa amekwisha kuinama juu ya meza, anaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mtu aliyekuwa akiogopa vitu visivyokuwepo, sasa kitu chenyewe kimekuja, akatulia.

"Tukate nusu," alisema. "Kila mkate uwe miwili. Midogo inaumuka kwa dakika ishirini, inaiva kwa robo saa. Mia mbili na arobaini, mikupuo miwili. Mkupuo wa mwisho unatoka saa moja na robo. Da Nyamizi, unipe nusu saa ya kukanda, isizidi."

"Nusu saa! Donge zima lile?"

"Isizidi."

Siwema akapima chumvi, safari hii mara moja tu, akaiyeyusha katika maji ya vuguvugu na kuyamimina juu ya donge. Nyamizi akapandisha mikono ya gauni. Mwezi wa Juni upande ule hewa ni kavu na baridi, na viganja vya mkandaji hupasuka kama udongo wa mbuga. Maji ya chumvi yakaingia katika nyufa zile. Nyamizi akauma pindo la kanga yake, akakanda. Pa, pa, pa. Donge lililokwisha kuumuka ni gumu kulichanganya upya, na kazi hiyo ya saa nzima akaifanya kwa nusu saa, machozi yakimtoka, na hakucheka wala hakutania hata mara moja. Hilo peke yake lilimtisha Siwema kuliko jambo jingine lolote la asubuhi ile.

Mzee Feruzi naye alikuwa na kazi yake. Moto wa mkate mkubwa ungeuunguza mkate mdogo. Akavuta makaa nje, akapangusa sakafu ya tanuri kwa gunia bichi, akaingiza mkono na kuhesabu. Akaishia sita. Hakuna aliyewahi kuchoma mkate kwa sita. "Leteni," alisema.

Siwema akapima, Nyamizi akakanda, Mzee Feruzi akachoma. Jua lilipochomoza hawakuliona. Saa moja na robo mkupuo wa mwisho ulitoka, rangi ya hudhurungi, na dakika tano baadaye honi ikalia upande wa magharibi.

Stesheni ile asubuhi! Nani aliyewahi kusimama pale akaisahau? Wauza mayai ya kuchemsha wakikimbia sambamba na mabehewa, abiria wakijinyoosha madirishani na nywele zimelala upande mmoja, kengele ya mkuu wa stesheni, na moshi wa majiko ukichanganyika na ubaridi. Siwema alipita katikati ya hayo yote na vikapu vyake, akasimama mbele ya behewa la chakula. Bwana Mtweve akafunua kitambaa.

"Hii nini, binti? Nimeagiza mikate au vitumbua?"

Siwema angeweza kusema kwamba ni mtindo mpya wa Bi Mwamvita. Maneno hayo aliyatengeneza njia nzima. Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Tulisahau chumvi, Bwana Mtweve. Tumekanda upya. Mikubwa isingewahi, ndiyo maana tumekata midogo. Uzito ni uleule, nimeupima."

"Umeupima."

"Ndiyo. Mara moja."

Bwana Mtweve akamega mmoja akala amesimama, bila siagi, akitazama reli. Akaviingiza vikapu ndani. Baada ya dakika kumi watu wa daraja la pili walikuwa wakitoa vichwa madirishani na mkate mkononi, kila mtu na wake mzima, unafuka moshi, wakiuliza kituo hiki kinaitwaje. Honi ya kwanza ilipolia Bwana Mtweve akateremka na karatasi ya kijani.

"Kila mwaka napewa kibali kimoja cha kumtunuku mtu wa njiani aliyetufaa," alisema. "Mwaka huu nimekaa nacho kama pambo. Kwenda na kurudi, daraja la pili, chakula juu yetu. Mpeni aliyeuokoa mkate wa leo. Jina moja, kwa wino, likifutwa halifai. Na safari isipoanza tarehe kumi na tano, kinakufa, kwa hiyo ni garimoshi la kesho au basi." Alipanda ngazi, akageuka. "Na kesho niletee midogo."

Bi Mwamvita alipopata habari yote, pamoja na ile ya neno lililotamkwa, alikaa juu ya gunia la unga, akasema, "Mkate mmeuokoa mimi nikiwa kitandani, sitajifanya hakimu wenu. Siwema ana kalamu na mwandiko mzuri, ataandika yeye. Lakini semeni kwanza, kila mtu na lake, nisije nikasikia minong'ono kwenye unga wangu."

Mzee Feruzi akaanza.

"Nani alitamka? Ni mimi. Mlijua nyote, mkasimama kama nguzo. Nani alifungua mdomo? Bila neno langu mngepakia pamba mkaipeleka stesheni. Ninyi mliweka hatarini mikono na akili, mimi nimeweka nyumba yangu. Na miaka ishirini na sita nalipikia garimoshi lile, sijui hata viti vyake vina rangi gani. Nataka nikae dirishani, niletewe chai na mkate wangu mwenyewe, niumege kama abiria. Mara moja, kisha nife."

"Hufi wewe, una tumbaku ya kumaliza," alisema Nyamizi. "Tumbaku hiyohiyo! Ulimi wako ungekuwa macho, ungeonja ukajua donge lingali horini, na tusingefika huko."

"Jino lilikuwa linaniuma."

"Lilikuwa linakuuma. Haya. Na nani alikanda? Ni mimi. Neno halikandi unga, hesabu haikandi unga. Tazameni." Akafungua viganja, wakavitazama, na Siwema akageuza macho. "Bila mikono hii neno lako lingebaki neno. Mwanangu Kabula kajifungua Morogoro, mtoto ana miezi minane, ana meno mawili, na mimi bibi yake namjua kwa picha. Wakati mwingine nikikanda nafumba macho najidanganya. Kibali hicho ni cha viganja hivi."

"Viganja hivyo ndivyo vilivyosikia unga una wazimu," alisema Mzee Feruzi. "Mbona havikutafuta sababu?"

Nyamizi akavikunja viganja. Zamu ikawa ya Siwema.

"Nani alipima?" alisema. "Ni mimi. Neno lingetamkwa na unga ungekandwa, na honi ingelia mikate ikiwa mibichi. Bila kukata nusu tungekuwa na mkate mzuri na garimoshi lililokwisha kuondoka. Na Bwana Mtweve nilimwambia ukweli. Ningemdanganya, kibali chenyewe kisingekuja."

"Kweli hiyo," alisema Nyamizi.

"Na bakuli nani alilifudikiza?" aliuliza Mzee Feruzi.

"Mimi."

"Na mwiko ule nani hauamini? Usinitazame hivyo, mjukuu, najua siku nyingi."

"Mimi."

"Basi neno lile kwangu lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, na kwako jepesi kama makapi. Uliumega mkate, ukajua, ukanyamaza. Ukaniachia mimi." Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana liliuma.

Nyamizi akaona Siwema amebanwa, akataka kumwokoa. "Na wewe ukipewa unataka kwenda wapi?"

Barua ilikuwa pale, kwenye mfuko, chini ya kiganja chake. "Dar," alisema Siwema.

"Kuna nini Dar?"

"Kutembea tu."

Wakaachana hivyo. Kibali cha kijani Siwema alikiweka katikati ya daftari, na daftari chini ya mto.

Kesho yake, Alhamisi, saa kumi na robo, alisukuma mlango wa tanuri. Alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake vyeti vyake vimefungwa kwa gazeti, na gauni moja lililopigwa pasi. Aliusukuma mfuko nyuma ya magunia. Nyuma ya magunia alikuta kikapu cha Nyamizi: karanga mbichi, kitenge, na soksi mbili za mtoto zilizofumwa kwa uzi wa njano, ndogo kama vidole gumba. Na Mzee Feruzi alipovua koti lake bovu ili aingie kazini, ndani yake alikuwa amevaa shati jeupe la Idi, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Siwema akapima, Nyamizi akakanda, Mzee Feruzi akachoma, akijitahidi asichafue shati.

Saa moja kasoro dakika tano vikapu vilikuwa vimejaa. Siwema alifuta meza, akatandaza kibali, akafungua kalamu. Kisha akaiweka kalamu chini, akatoa barua mfukoni, na akaisoma kwa sauti kuanzia anwani mpaka sahihi, hata tarehe hakuiruka.

"Ijumaa si ndiyo kesho?" aliuliza Nyamizi.

"Ndiyo kesho."

"Mbona jana ulisema kutembea?"

"Niliona haya. Bakuli nililifudikiza mimi."

Mzee Feruzi alikuwa akikichezea kifungo cha shingoni. "Na mwakani?"

"Mwakani hawataniita, Babu. Wameandika."

"Na mimi mwakani sijui kama nitakuwepo," alisema Mzee Feruzi.

"Na mjukuu wangu mwakani atakuwa anakimbia," alisema Nyamizi, "akiniona atamkimbilia mama yake." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Andika, Siwema. Andika yeyote. Ila usiandike kwa kutuonea sisi huruma, wala kwa kujionea mwenyewe."

"Andika, mjukuu," alisema Mzee Feruzi. "Saa hizi lishapita daraja la mto."

Siwema akaifuta mikono kwenye aproni mpaka ikakauka. Akaishika kalamu. Akaandika jina moja, kwa wino, herufi kwa herufi, bila kufuta. Akangoja ukauke. Kisha akakigeuza kibali kuelekea kwao ili nao wasome, na hakuna aliyebisha. Na garimoshi lilipofika, likasimama dakika zake ishirini na tano na honi ya kuondoka ikalia, mmoja wa wale watatu alikuwa ndani, amekaa dirishani.

Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza. Aliyetamka alikuwepo, na ulimi wake ulilala. Aliyekanda alikuwepo, na alisikia unga una wazimu asitafute sababu. Aliyepima alikuwepo, na bakuli alilifudikiza yeye. Kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, na honi inakaribia, je, ungeandika jina la nani?